Fimbo Mpya za Gofu: Ipi Uisubiri Maonyesho ya Januari, Ipi Ununue Sasa

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Aliyetunga methali hii sidhani kama aliwahi kushika fimbo ya gofu, lakini kila mwaka unapoelekea ukingoni huwa naikumbuka. Januari wenye biashara ya gofu hukusanyika Orlando, katika jimbo la Florida, kwa maonyesho yanayoitwa PGA Show. Wiki kadhaa kabla ya hapo, watu wazima wenye akili zao huanza kuzitazama fimbo walizonazo kana kwamba zimewakosea. Nami nimo kundini. Niliwahi kubadilisha draiva, ile fimbo ndefu ya pigo la kwanza, kila mwaka kwa miaka mitatu mfululizo, na handikapu yangu, yaani kipimo cha uwezo wa mchezaji, haikutikisika hata kidogo.

Swali la msimu huu huwa ni lile lile: nisubiri, au ninunue kilichopo dukani sasa? Mimi hujibu kwa kuuliza ni fimbo gani. Kelele kubwa hupigwa kwa ajili ya draiva, na huko ndiko kusubiri kunakolipa kidogo kuliko kote. Pata, ile fimbo ya kuingizia mpira shimoni, kwa muda mrefu haikuwa na habari, ila siku hizi ndiyo inayonifanya nihesabu siku.

Orlando kuna nini hasa

Maonyesho haya yalianza 1954 huko Dunedin, Florida, wauzaji wakifungua buti za magari yao kwenye maegesho na kuwaonyesha walimu wa gofu walichokuja nacho. Leo yanafanyika ndani ya Orange County Convention Center, na bado ni ya watu wa biashara: wenye maduka, walimu, wanunuzi wa jumla, waandishi. Mchezaji wa kawaida haingii. Kilicho kitamu zaidi huwa ni siku ya majaribio, inayotangulia kumbi kufunguliwa. Kwa miaka mingi imefanyika Orange County National, mji wa Winter Garden, kwenye uwanja wa mazoezi wenye umbo la duara. Makampuni hupanga mabanda yao kuuzunguka, na wote wanapiga mipira kuelekea katikati. Mtu anaweza kujaribu draiva tano za makampuni matano asubuhi moja, kwenye uwanja mmoja. Ukisoma au kutazama taarifa za maonyesho, tafuta za mtu aliyekuwepo siku hiyo. Za ndani ya ukumbi mara nyingi ni maelezo ya muuzaji yaliyorudiwa tu.

Wala usidhani vitu huonekana Orlando kwa mara ya kwanza. USGA na R&A, wenye kusimamia kanuni, huweka hadharani orodha ya vichwa vya draiva vilivyoidhinishwa, nayo husasishwa kila wiki. Majina mapya huanza kuchungulia humo miezi kabla ya Januari, na wenye subira ya kupekua huyaona kabla kampuni haijatamka neno.

Halafu kuna suala la kalenda, ambalo watu wengi hulisahau. Kampuni ya TaylorMade wamekuwa wakitoa draiva mpya kila mwanzo wa mwaka: Stealth 2022, Stealth 2 mwaka uliofuata, Qi10 2024, Qi35 2025. Callaway nao ni hivyo hivyo. Ping huenda kwa miaka miwili miwili, na huangukia miaka witiri: G425 ilitoka 2021, G430 ikatoka 2023, G440 ikatoka 2025, ingawa katikati hupenyeza kitu kimoja, kama G430 Max 10K ya Januari 2024. Titleist draiva zao hutoka miaka shufwa, tena nusu ya pili ya mwaka: TSi 2020, TSR 2022, GT 2024. Anayeivizia draiva ya Titleist mwezi Januari anasubiri basi kwenye kituo lisipopita. Mipira yao ya Pro V1 ndiyo ya Januari, miaka witiri. Weji zao za Vokey, fimbo za mapigo mafupi, ni za miaka shufwa.

Draiva: mpya ya Januari au ya mwaka unaoisha?

Weka mbili hizo mezani, ubavu kwa ubavu. Kanuni zimezifunga kamba moja. Kichwa hakiruhusiwi kuzidi sentimita za ujazo 460. Wepesi wa uso kurusha mpira hupimwa kwa muda ambao pendulamu ndogo ya chuma hugusana nao: kikomo ni mikrosekunde 239, na ukiongeza 18 za uvumilivu wa kipimo unapata 257, basi. Uwezo wa kichwa kukataa kujipinda mpira unapogonga pembeni, yaani momenti ya inesha, nao una dari yake: 5,900 kwa kipimo cha gramu na sentimita ya mraba, na 100 za uvumilivu. Makampuni makubwa yaliigusa dari hiyo kitambo. Draiva mpya inaweza kuongeza rangi na jina, lakini haiwezi kuongeza kilichokwisha kukatazwa.

Hapo utaniuliza: mbona 2024 Ping na TaylorMade walitangaza draiva zenye inesha ya 10,000? Namba ni ya kweli, ila ni jumla ya vipimo viwili. Kimoja ni cha kujipinda kati ya kisigino (upande wa mpini) na kidole (ncha ya mbali) cha fimbo, na ndicho chenye dari kikanuni. Kingine ni cha kujipinda juu na chini, na huko bado kulikuwa na nafasi. Kwa hiyo faida ipo, na inamfaa hasa yule ambaye mipira yake hugonga chini ya katikati ya uso au juu yake. Ukitaka kujua kama wewe ni mmoja wao, puliza dawa ya unga ya miguu usoni mwa draiva, piga mipira kumi, kisha tazama alama. Zikitapakaa kwa upana tu, kutoka kisigino hadi kidole, draiva yoyote pana ya miaka mitano iliyopita itakuhudumia sawasawa.

Lakini fimbo ya zamani haichoki? Kinyume chake. Uso wa draiva ukipigishwa sana huzidi kulegea na kurusha zaidi, mpaka siku utakapopasuka. Mei 2025, kwenye mashindano ya PGA Championship huko Quail Hollow, draiva za wachezaji nyota Rory McIlroy na Scottie Scheffler zilipimwa zikakutwa zimevuka kikomo. Wakachukua nyingine, na Scheffler akashinda. Tena mwezi mmoja kabla, McIlroy alikuwa ametwaa taji la mashindano ya Masters akitumia Qi10, toleo la 2024, wakati Qi35 iko tayari madukani.

Hesabu ya pesa ndiyo inayonikata shauri. Nchini Marekani, mwaka 2025 draiva mpya ya kampuni kubwa ilianzia karibu na dola 600. Siku inapotangazwa, ile ya mwaka jana hushushwa, mara nyingi kwa dola 100 au zaidi. Kwa hiyo nasema ndiyo, subiri Januari, ila uisubiri kwa ajili ya draiva ya zamani. Anayestahili kununua mpya ni yule ambaye draiva yake imetimiza miaka kumi na zaidi, au ambaye mwendo wa mikono yake umebadilika sana kiasi kwamba hata mpini hauendani naye tena.

Kuna chaguo jingine hapa ambalo lina uzito kuliko mwaka wa kutengenezwa. Karibu kila kampuni huuza draiva moja kwa sura tatu au nne. Yenye jina la Max uzito wake umesogezwa nyuma: haiyumbi na huinua mpira. Yenye herufi LS au LST uzito uko mbele, mpira unazunguka kidogo na kusafiri chini chini. Wanaume wengi huikimbilia LS kwa sababu ndiyo wanayoiona mikononi mwa wachezaji wa televisheni. Kichwa cha fimbo yako kikienda chini ya maili 100 kwa saa, mpira usio na mzunguko wa kutosha hudondoka kama embe bivu. Kati ya Max ya mwaka juzi na LS ya kesho, wengi wetu tutafika mbali zaidi na ya mwaka juzi.

Kuhusu uso wa kaboni na uso wa titani sina maneno mengi. TaylorMade walianza na Stealth, tabaka 60 za kaboni usoni. Ping kwenye G440 na Titleist kwenye GT wamebaki na titani. Kaboni ni nyepesi, hivyo gramu zilizookolewa huhamishiwa kwingine. Tofauti utakayoigundua kwanza ni ya sikio: kaboni hutoa mlio mzito uliofunikwa, titani hulia kwa sauti kali zaidi. Usicheke. Mtu asiyependa mlio wa fimbo yake hulegeza mkono bila kujijua.

Mini draiva au wudi ya namba 3

Mini draiva ni ya ukubwa wa kati, baina ya draiva na wudi, fimbo ya masafa yenye kichwa kidogo zaidi. Vichwa hivi vimeshamiri tangu TaylorMade warudishe wazo hilo 2019. BRNR yao ya 2023 ina sentimita za ujazo 304, Callaway walikuja na ya 340, na Titleist wakaita yao GT280. Mpini ni mfupi kuliko wa draiva kwa inchi mbili hivi, na hapo ndipo siri yake ilipo. Ukiwa unaogopa draiva na unapiga wudi ya namba 3 kutoka kwenye tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, peke yake, chukua mini. Ukiitumia wudi hiyo kwenye majani pia, baki nayo, kwani kichwa cha mini ni kirefu mno kwa mpira uliolala chini. Na kumbuka begi halibebi zaidi ya fimbo 14, kwa hiyo kila inayoingia inatoa nyingine.

Pata: isiyojipinda au ya kawaida?

Sasa tumefika ninapopataka. Shika pata yako ya kawaida, lalisha mpini juu ya kidole kimoja uiache ining'inie. Nyingi zitaangusha kidole cha kichwa chini, kwa sababu mpini umeingia karibu na kisigino wakati uzito uko mbali na mpini huo. Hilo ndilo linalotokea pia ukipiga: kichwa kinataka kufunguka unapokivuta nyuma na kufunga unapokileta mbele. Mchezaji hutumia maisha yake kujifunza kukidhibiti kwa viganja. Baadhi huja kuupenda mwendo huo na kuutegemea.

Pata isiyojipinda imepangwa tofauti. Mpini unaelekezwa kwenye kitovu cha uzito wa kichwa, kwa hiyo uso haupati sababu ya kugeuka wenyewe. Kampuni ndogo ya L.A.B. Golf ilishikilia wazo hili miaka mingi watu wakizicheka sura za pata zake, na kusema kweli nyingine zinafanana na chuma cha kuchomea mkate. Kicheko kilipungua Agosti 2023, pale mchezaji Lucas Glover, akiwa na pata yao ndefu, aliposhinda mashindano mawili wiki mbili mfululizo. Mwanzoni mwa 2025 makampuni mengine yalikuja na za kwao: Odyssey (pata iitwayo Square 2 Square), PXG (Allan), Bettinardi (Antidote), Evnroll (Zero). Kisha Juni mwaka huo, mchezaji J.J. Spaun akaingiza mpira wa futi 64 kwenye shimo la mwisho la mashindano ya US Open pale Oakmont, akiwa na DF3 ya L.A.B., na taji likawa lake. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena kama ni mzaha.

Ulinganisho wa haki lakini unataka uone na upande wa pili. Machi 2024 Scottie Scheffler alikuwa anasumbuliwa na pata kuliko fimbo nyingine yoyote. Hakuhitaji uvumbuzi. Alichukua Spider Tour X ya TaylorMade, pata ya kichwa kipana iliyokuwa inauzwa madukani kwa kila mtu, akashinda Arnold Palmer Invitational, na wiki iliyofuata akashinda The Players. Pata hiyo ni ya kawaida kwa maana ya mpini na uzito. Kilichomsaidia ni umbo pana na mstari ulio wazi wa kulenga.

Basi nani achukue ipi? Jitazame unapokosa kutoka mita moja na nusu. Kama mipira inakwenda mara kulia mara kushoto, na unahisi viganja vinaingilia kati dakika ya mwisho, isiyojipinda inaweza kukuondolea kazi uliyokuwa unaifanya vibaya. Kama unakosa upande mmoja kila mara, shida huenda ni kulenga au urefu wa mpini, na hapo unaweza kutumia dola mia kadhaa kununua kosa lile lile likiwa na sura mpya. Na kama mipira yako ya mbali ndiyo inayokuangusha, yaani inaishia fupi au inapitiliza, uwe mwangalifu zaidi. Malalamiko makubwa ya wanaohamia pata hizi ni kwamba mkono haupati taarifa uliyozoea, hivyo umbali hupotea kwa wiki kadhaa kabla ya kurudi. Nyingine zina mpini ulioegemea mbele kidogo, jambo ambalo jicho hulikataa mwanzoni.

Hapa ndipo ninapomwambia mtu asubiri. Draiva imefungwa na kanuni, lakini hili la mpini na kitovu cha uzito bado linatafutiwa njia. Kila kampuni inajaribu kuingiza mpini mahali tofauti, kupunguza ukubwa wa kichwa, kurudisha ile hisia iliyopotea, na kushusha bei. DF3 ya L.A.B. ilitoka ikiwa juu ya dola 400, na za makampuni makubwa zilizofuata zikashuka hadi karibu 300. Ushindani wa namna hiyo humnufaisha anayengoja. Januari nitakayoitazama ni ya pata, na nitaanzia kwa wale wanaojaribu kuiweka teknolojia hii ndani ya kichwa chembamba cha kizamani, maana huko ndiko macho ya wengi yanakotaka kurudi.

Aironi na weji

Kwenye aironi, fimbo za chuma zenye namba, linganisha digrii kwanza, jina baadaye. Chukua mfano wa Titleist za 2023: T100, ya mchezaji stadi, namba 7 yake ina mwinamo wa uso wa digrii 34. T350, ya anayehitaji msaada, namba 7 ina digrii 29. Zimeandikwa tarakimu moja, lakini ni fimbo mbili tofauti. Ukizipiga dukani moja baada ya nyingine, T350 itaonekana imeongeza yadi nyingi, na muuzaji atatabasamu. Yadi hizo zimetoka kwenye mwinamo kwa sehemu kubwa. Muulize mpira unatua kwa pembe gani na unasimama wapi, kwani aironi inayopitiliza grini, ile sehemu ya majani mafupi yenye shimo, haina faida. Pia uliza pengo litakalobaki kati ya aironi ya mwisho na weji yako ya kwanza, kwa sababu aironi zenye mwinamo mdogo huacha shimo ambalo utalazimika kulijaza kwa fimbo ya ziada.

Aironi nzuri hukaa miaka minane au kumi bila aibu. Sioni sababu ya kusubiri Januari kwa ajili yake, isipokuwa unangojea punguzo.

Weji ni suala la kuchakaa. Pitisha ukucha kwenye mifereji ya uso wake. Ukiteleza, nunua leo, hata toleo la nyuma. Weji ya zamani isiyotumika hushika mpira kuliko ya kisasa iliyolika.

Mpira

Hapa kuna swali la mwaka gani na swali la aina gani. Kwa Pro V1, ikiwa Januari inayokuja ni ya mwaka witiri, ngoja kidogo: ama utapata mpya, ama utapata ya zamani kwa bei nafuu. Ikiwa ni ya mwaka shufwa, hakuna cha kungoja.

Aina ndiyo yenye maana zaidi. Mipira yenye gamba la urethani, plastiki laini, hushika grini vizuri kwa mapigo mafupi. Yenye gamba la ayonoma, plastiki ngumu zaidi, haiharibiki upesi na bei yake ni nafuu, ila huteleza mbele baada ya kutua. Tofauti hiyo huiona hata mwenye handikapu ya 25, na ni kubwa kuliko tofauti kati ya mipira miwili ghali. Kati ya Pro V1 na Pro V1x, x huruka juu zaidi na ni ngumu kidogo mkononi. Usichague ukiwa kwenye tii. Chukua mitatu ya kila aina, nenda ukingoni mwa grini, piga kutoka mita ishirini, kisha tembea kuona ipi imesimama karibu. Ndipo urudi nyuma kwenye aironi, na draiva iwe ya mwisho kuulizwa.

Utasikia pia watu wakiogopa kununua mipira kwa sababu ya kanuni mpya. Desemba 2023 USGA na R&A walitangaza kubana umbali wa mpira, na kwa wachezaji wa kawaida badiliko limepangwa kuanza 2030. Makadirio yao ni kwamba wengi wetu tutapoteza yadi tano au pungufu. Dazeni utakayonunua msimu huu itakuwa imezama kwenye bwawa la maji mwaka huu huu.